Kiuno Changu, Shemeji Yangu na Shokapu za Nyuma

Sina ugomvi na theluji. Theluji ya hapa Sherbrooke, jimbo la Quebec, hushuka kwa wakati wake, hukaa miezi inayotaka kukaa, kisha huondoka bila kuniomba nauli. Ugomvi wangu ni na sehemu ya nyuma ya pikipiki yangu ya theluji, ambayo kila ikikutana na tuta la maana hubonyea mpaka mwisho wa uwezo wake, hugonga chuma kwa chuma, halafu hukabidhi kishindo chote kwa pingili za kiuno changu kana kwamba mimi ndiye niliyeorodheshwa kitabuni kuwa kipuri cha mwisho cha kupokea mishtuko. Fundi yeyote wa nyumbani angesikiliza mlio ule mara moja, angetema mate pembeni na kusema kwamba shokapu imekufa. Huku kila ninayemwuliza ana nadharia, na kila nadharia ina bei.

Kwa ndugu walioko Kigoma au Bujumbura ambao hawajaonana na chombo hiki uso kwa uso, nieleze kidogo. Pikipiki ya theluji haina magurudumu ya kukanyaga njia. Mbele ina ski mbili za kuongozea, na nyuma ina mkanda mpana wa raba unaozunguka bila mwisho chini ya kiti. Ndani ya mkanda huo zimelala reli mbili ndefu zilizovishwa plastiki kwa chini ili mkanda uteleze, na kati ya reli hizo na bodi kuna mikono miwili ya chuma, shokapu mbili, yaani moja ya mbele na moja ya nyuma, pamoja na springi mbili nene zilizojisokota kushoto na kulia. Mashine yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 200 kabla mwenyewe hajapanda. Kwa hiyo mtu anapokuambia kuwa sehemu ya nyuma inagonga chini, anazungumzia mzigo mzito unaoanguka juu ya vyuma hivyo, na wewe ukiwa umekaa juu ya mzigo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ninaishi mwendo mfupi tu kutoka Valcourt, mji aliozaliwa Joseph-Armand Bombardier mwaka 1907, na ambako mwaka 1959 alianza kuuza pikipiki ndogo za theluji zilizolifanya jina lake lijulikane dunia nzima. Mtoto wake mdogo alifariki mwaka 1934 kwa sababu barabara zilikuwa zimezibwa na theluji na hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitalini, na mtu aliyepitia msiba wa namna hiyo simdai chochote, wala hajui habari za mashine yangu, kwa kuwa alifariki mwaka 1964. Ninachosema ni kwamba mtu anayeishi jirani na chimbuko la chombo angetegemea kuzungukwa na watu wanaojua dawa yake, lakini wapi!

Tuanze na matuta yenyewe, maana bila hayo nisingekuwa na la kulalamikia. Njia za huku hutunzwa na klabu za wapanda pikipiki, ambazo usiku hupitisha trekta linalokokota chuma kikubwa cha kukwangua na kushindilia theluji. Alfajiri njia inakuwa tambarare kiasi kwamba unaweza kunywa uji ukiwa safarini. Ikifika Jumamosi alasiri, baada ya mamia ya watu kupita wakikanyaga mafuta na breki, njia ile ile imejaa mawimbi yanayofuatana, na kila anayepita huyachimba zaidi kwa mkanda wake. Ni ugonjwa ule ule wa barabara za vumbi za nyumbani: gari likizidi mwendo fulani hurukaruka, likitua hukwangua, na wa nyuma yake hutua pale pale. Sheria ya jimbo inaweka mwendo wa mwisho kwenye njia hizo kuwa kilomita 70 kwa saa. Vijana wanaonipita hawana habari hiyo, na matuta wanayoyaacha ni ya kwangu mimi ninayeitii.

Nilipoipeleka mashine dukani, muuzaji hata hakuinama. Aliitazama kwa mbali, akanitazama mimi kwa karibu zaidi kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akanitajia bei ya jozi mpya ya shokapu ambayo ingetosha kununua mashine nyingine mbovu kama yangu. Mfanyakazi mwenzangu aliniambia nisimame kwenye vikanyagio kila ninapoona tuta, ushauri ambao ni wa kweli kwa vijana, lakini mimi baada ya kilomita chache za kusimama na kukaa nilihisi nimeswali rakaa za mwezi mzima. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kufungua hata nati moja, alisema tatizo ni imani.

Hakuna hata mmoja aliyesema neno la kwanza ambalo lingepaswa kusemwa, nalo ni kwamba mashine ipimwe ikiwa na mtu juu yake. Kazi hii haihitaji fedha, inahitaji futikamba na binadamu wa pili. Unaishika bampa ya nyuma na kuinyanyua mpaka shokapu zinyooke zote huku mkanda ukiwa bado unagusa sakafu, kisha unapima kutoka sakafuni hadi kwenye bampa. Halafu unavaa kila kitu unachovaa safarini, kuanzia viatu vile vizito hadi kofia ngumu, unakaa mahali pako, unajitikisa kidogo ili vyuma vilivyokwama vilegee, na mwenzako anapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha jinsi mashine inavyozama chini yako hata kabla hujakutana na tuta la kwanza. Vitabu vya watengenezaji hutaja viwango tofauti kwa modeli tofauti, lakini mara nyingi ni kati ya sentimita 5 na 10. Mke wangu alipoisoma yangu alinyamaza, akapima upya, akasema, "Baba watoto, hii imekaa chini kabisa." Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafasi ya kubonyea ilikuwa imeshaliwa na uzito wangu mashine ikiwa bado imesimama karakanani, na tuta lilipokuja halikukuta kitu cha kubonyeza.

Jibu lilikuwa wazi: aliyeniuzia mashine alikuwa mtu mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, na springi alizoacha zilikuwa zimerekebishwa kwa ajili yake. Kila springi ya nyuma ina mguu unaokaa juu ya kitofali cha plastiki ngumu ambacho pande zake hazilingani, na ukikizungusha kwa spana inayokuja na mashine, springi hukazwa au hulegezwa kwa hatua. Vya kwangu vyote vilikuwa kwenye hatua ya chini kabisa. Vinatakiwa kuwa sawa kushoto na kulia, jambo ambalo ni rahisi kuliandika na si rahisi kulitenda, kwa sababu kitofali cha kushoto kilijificha nyuma ya barafu iliyokuwa imeganda tangu jana yake, na spana ilipoteleza, kifundo cha kidole changu cha shahada kilikwenda kupima ugumu wa reli. Reli ni ngumu. Nimethibitisha.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa, na lazima niseme kwa ukali kidogo. Kukaza kitofali hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Kunainyanyua tu mashine irudi kwenye kimo chake, ili nafasi ya kubonyea iwepo. Ugumu wa springi umo kwenye unene wa chuma chake na idadi ya mizunguko yake, na huo haubadilishwi na spana. Kwa hiyo ukiwa umeshakaza mpaka hatua ya mwisho na mashine bado inazama kupita kiasi, usiendelee kukipiga kitofali nyundo. Springi hizo si zako, ni za mtu mwingine mwenye kilo zake, na dawa ni kununua jozi nzito zaidi kwa kufuata jedwali la uzito. Kumbuka pia kwamba ya kushoto haikai kulia, maana zimesokotwa kinyume.

Baada ya kimo kurudi, nilitaka kujua kama kweli ninafika mwisho au ni woga wangu tu. Nilichukua kile kitanzi cha plastiki cha kufungia nyaya, nikakikaza kwenye fito inayong'aa ya shokapu ya nyuma, kiasi cha kusogea kikisukumwa, nikakiegemeza kwenye bodi ya shokapu, kisha nikaenda kupigana na njia. Niliporudi, kitanzi kilikuwa kimesukumwa mpaka kwenye raba ya mwisho na kimebanwa bapa kama karatasi. Ushahidi wa namna hiyo haupingwi na muuzaji yeyote. Nami sitaki mtu anielewe vibaya: mashine ambayo haifiki mwisho hata kwenye shimo baya kuliko yote nayo imekosewa, maana ni ngumu mno na inakunyima sehemu ya nafasi uliyoinunua. Inatakiwa iguse mwisho kwa nadra na kwa upole, si kwa kila tuta kama mtu anayebisha hodi kudai deni.

Basi ikabaki shokapu yenyewe. Springi hubeba mzigo, lakini shokapu ndiyo inayoamua mzigo ushuke na kupanda kwa kasi gani, kwa kuilazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo, huku gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani ikizuia oili hiyo isitoe povu. Gesi ikitoroka, oili hujaa povu inapopata moto, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana mashine yangu ilikuwa na heshima kwa dakika za mwanzo, halafu kadiri safari ilivyoendelea ikawa inanitupa kama gunia. Nilipoifungua na kuishika mkononi, shingoni mwa fito palikuwa na utepe mweusi wa oili iliyochanganyika na uchafu, na nilipoisukuma ndani ilikwenda bila kubisha kwa kipande kizima, kisha ikabaki huko huko, haikurudi. Sili ilikuwa imekwisha. Shokapu za aina hii hufunguliwa na kuwekwa sili mpya, oili mpya na gesi mpya kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile niliyotajiwa dukani. Zile za bei rahisi hazifunguki, hutupwa. Kazi ya kufungua nilimwachia fundi mwenye mtungi wa gesi, kwa sababu kilichomo humo kimeshindiliwa kwa nguvu, na mimi bado ninayahitaji macho yangu yote mawili.

Shokapu ya mbele na mshipi unaouzuia mkono wake sikuvigusa. Kishindo changu kilikuwa kinakuja kutoka chini ya makalio na si kutoka chini ya magoti, na mtu anayerekebisha kila kitu kwa siku moja hatajua kamwe ni kipi kilichomponya. Niliweka grisi kwenye maungio yote, nikakagua bushi, nikafunga.

Sasa mashine inapanda na kushuka kwa ustaarabu. Ningekuwa mtu mwenye furaha kama shemeji asingekuwepo. Yeye hupenda kubebwa nyuma kila wikiendi, na abiria wa nyuma hukaa karibu kabisa juu ya ule mkono wa nyuma, kwa hiyo kilo zake huhesabika kuliko zangu. Nilimwuliza uzito wake ili nijue vitofali viwe hatua gani. Akanijibu kwa utulivu kwamba ni kilo 72. Nilipomwuliza amepimwa lini, akasema ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu ya daktari wa uhamiaji alipokuwa anaingia Kanada, na kwamba hati ya serikali haibishaniwi. Fomu hiyo ni ya enzi ambazo kijana wake mkubwa, anayenyoa ndevu sasa, alikuwa anatambaa. Nikamwambia apande kwenye mizani ya bafuni, akasema mizani za huku hupima kwa ratili na yeye hana imani nazo.

Nikamkalisha nyuma yangu, mke wangu akachukua futikamba. Futikamba haina shemeji. Bampa ilishuka mpaka mke wangu akalazimika kupiga magoti ili aisome namba, na ingawa shemeji ni kaka yake wa tumbo moja, aliisoma kwa sauti mara mbili. Shemeji akasema sakafu imeinama.

Kwa hiyo utaratibu wa nyumba yangu ni huu: akija, ninazungusha vitofali vyote viwili hadi hatua ya mwisho, akishuka, ninavirudisha hatua ya kati, kwa sababu nikiendesha peke yangu na springi zilizokazwa kwa ajili yake, sehemu ya nyuma hunirusha mpaka nikaonana na matawi ya misonobari. Vitofali havizunguki kwa glavu nene, na vidole vitupu kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hufanya kazi kwa muda mfupi tu kabla havijaacha kumtambua mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilimwomba shemeji anishikie walau tochi nilipokuwa nimelala ubavu chini ya mashine, nusu mwili kwenye theluji, nikitafuta mdomo wa spana.

"Shemeji, shika tochi," nilimwambia.

"Naam, shemeji," alijibu, na sauti yake ilikuwa inatokea jikoni, "niambie kwanza, sukari mnaiweka wapi?"