Hebu igeuze hiyo sarafu ya Brutus

Jumamosi mpwa wangu kaja kunisalimia na fulana mpya: majambia mawili, katikati kofia, chini yake EID MAR, yaani Machi 15 kwa Kirumi. "Mjomba, hii ndiyo sarafu ya uhuru!" Nikamuuliza, na upande wa pili kuna nini? Kimya. Mgongoni fulana haikuchapwa kitu.

Sisi tuliokulia shilingi zenye kichwa cha rais tunajua sarafu lazima igeuzwe. Igeuze hii, unakutana na Brutus mwenyewe, yule Mroma aliyeshiriki kumuua Kaisari, kandevu kafupi, na maandishi BRVT IMP, yaani Brutus jemadari.

Sasa nisaidieni. Mwanzoni mwa 44 KK, dinari za Roma (ndiyo, dinari hizohizo za kwenye Injili) zilitoka na sura ya Julius Kaisari, mtawala wa Roma, naye yu hai. Nafasi hiyo ilikuwa ya miungu na marehemu. Watu wakanong'ona: huyu anautaka ufalme. Machi 15 Brutus na wenzake wakampiga majambia, majeraha 23. Haya, 42 KK, Brutus yuko mashariki, keshawakamua Walikia (watu wa kusini mwa Uturuki ya leo) fedha zao, anatakiwa kulipa jeshi. Anapiga dinari ya gramu nne hivi, kwenye kiganja huisikii. Upande mmoja kofia ya mtumwa aliyeachwa huru na silaha za mauaji. Upande wa pili nani? Mkombozi wetu! Miaka miwili na kitu tu imepita.

Sawa, askari anataka kumjua anayemlipa, na majemadari wengi wakati ule walikuwa wakijipiga chapa. Nakubali, kwa shingo upande.

Ila mtu asiniambie hakujua njia nyingine. Mwaka 54 KK, akisimamia upigaji wa sarafu Roma, alitoa dinari yenye kichwa cha mungu wa kike na neno LIBERTAS, yaani uhuru. Nyuma kamweka yule Brutus wa kale, aliyewafukuza wafalme, anatembea na walinzi wake. Uso wa kijana mwenyewe haumo. Uhuru ulisimama bila picha yake, tena vizuri tu!

Hata Antony, jemadari wa upande wa Kaisari, mlevi wa kusemwa, dinari alizowapigia askari wake mwaka 32 KK zina merikebu na tai wa jeshi. Jina lipo, sura hakuna. (Tusidanganyane, nyingine kibao zina uso wake.)

Mpwa wangu kasikiliza yote, kajitazama kifuani, kisha kauliza kama chai bado.