Kabla ya Kumtoa Damu, Semeni Mtaifanyia Nini

Juzi nilikuwa natafuta kitambulisho cha shangazi ndani ya ule mfuko wa nailoni anamohifadhi maisha yake yote, kuanzia cheti cha ubatizo hadi kitabu cha chama. Kitambulisho sikukiona. Nilichokiona ni risiti ya maabara ya siku ile alipopigwa na kiharusi, imekunjwa mara nne, na hasira niliyodhani nimeizika ikafufuka papo hapo.

Shilingi 18,400. Troponini ya moyo, CRP ya uvimbe mwilini, kolesteroli na ndugu zake, D-daima, yaani D-dimer, ya kuganda kwa damu (mhudumu alivyoitamka nilidhani ni kiapo cha ndoa), kisha kipimo kimoja ambacho damu yake ilisafirishwa Nairobi.

Alianguka Kibuye, Jumapili, saa tatu asubuhi, soko limefurika, shati la mitumba bado liko mkononi. Mdomo ukaenda upande. Jirani yake wa kibanda, Mungu amzidishie, hakumnywesha soda wala kumsugua mafuta ya taa. Alisimamisha tuktuk. Saa tatu na dakika arobaini walikuwa langoni mwa hospitali. Dakika arobaini, Kisumu, siku ya soko! Ningekuwa serikali ningempa huyo mama nishani.

Hapo ndipo mbio zilipoishia. Mashine ya picha ya kichwa ilikuwa na hitilafu, fundi alikuwa njiani. Badala ya kutuelekeza mapema kwenye mashine nyingine, tukakabidhiwa karatasi ya maabara. Nikauliza ni ya nini. "Ni vipimo vya kutathmini hatari, kaka." Hatari gani tena? Si hatari yenyewe ndiyo hii imelala hapa kwenye machela, inanitazama kwa jicho moja?

Tukachanga kwenye kundi la familia. Binamu wa Eldoret akatuma, mjomba wa Ahero akatuma, hata yule ambaye huwa hasomi ujumbe akasoma. Picha tuliipata saa kumi jioni, kwingine. Ilikuwa damu iliyoganda, si mshipa uliopasuka.

Aliyewahi kuuguza kiharusi anajua kwa nini sentensi hiyo inauma. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Utafiti wa Marekani wa 1995 ulionyesha inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukalisogeza dirisha hadi saa nne na nusu. Ukimpa mtu ambaye mshipa umepasuka, unaweza kumuua, ndiyo maana picha hutangulia. Saa kumi jioni dirisha letu lilikuwa limefungwa zamani. Sidai kwamba dawa yenyewe ilikuwepo kabatini siku hiyo. Hatukufika hata pa kuiulizia.

Tena sikilizeni hili. Miongozo ya Wamarekani wenyewe, wenye kila mashine duniani, inasema kipimo cha damu ambacho lazima kitangulie dawa hiyo kwa kila mgonjwa ni kimoja tu: sukari. Kwa sababu sukari ikishuka sana mtu anaweza kulegea upande mmoja na kukosa maneno, ukadhani ni kiharusi. Tone moja la kidole, nusu dakika. Shangazi alidungwa kidole saa moja usiku, baada ya mimi kupiga kelele. Kwenye risiti ya 18,400 sukari haimo.

Mimi si daktari, nauza vipuri vya pikipiki Kondele. Lakini mteja akija breki zimekatika, simpimii oili kwanza ili nimwambie uwezekano wa kugonga ukuta. Kipimo ambacho jibu lake, liwe juu au chini, halibadilishi mtakachomfanyia mgonjwa usiku huo, hicho ni ramli yenye risiti.

Na hiyo CRP! Hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, na wanaoitumia kwenye kiharusi wanasema ikiwa juu, mgonjwa ana hali mbaya zaidi mbele yake. Sawa. Lakini malaria nayo huipandisha. Kifua huipandisha. D-daima pia hupanda kwa maambukizi, kwa mimba, kwa uzee tu. Sasa wewe chukua viwango vilivyopangwa kwa wagonjwa wa Ulaya, uvilete ukanda wa ziwa, umpime mama aliyeumwa na mbu wa Nyalenda wiki nzima, halafu uniambie namba hiyo inazungumzia ubongo. Mbu ndiye anayezungumza hapo.

Haya, nisionekane napinga sayansi. Troponini inaweza kufichua kwamba moyo nao unaumia, na hilo hubadilisha matibabu. Waswisi wametafiti kopeptini, kipimo kingine cha damu, kinasaidia kukisia nani atapona vizuri; mwenye kitanda cha kutosha na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akitumie. Na kuna kimoja ambacho, nakiri shingo upande, kinanitoa mate: GFAP, protini ya ubongo inayomwagika haraka kwenye damu mshipa unapopasuka, kuliko ukiziba. Marekani waliidhinisha kipimo chake mwaka 2018 kwa walioumia kichwa. Kwa kiharusi bado hakijachukua nafasi ya picha. Lakini hebu kiwazie ndani ya zahanati ya Nyakach au Budalangi, ambako mashine ya picha ni safari. Hicho kingekuwa na kazi. Hicho kichangishieni hata harambee.

Shangazi anatembea na mkongojo sasa. Maneno yanarudi, Kiluo mbele, Kiswahili kinajikokota nyuma. Kila Ijumaa anapima presha kwa mwenye duka la dawa, shilingi 50, na namba anaiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto kwenye kitabu cha chama, ukurasa wa nyuma.

Nilimwonyesha ile risiti. Akaitazama, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, kile kipimo cha Nairobi, akaniuliza polepole walisema nini. Hawajaleta majibu, nikamwambia. Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile.