Virusi: tuvipange kwa jeni au kwa mdudu anayevibeba?

Mkulima wa Busia akiona majani ya muhogo yamejikunja na kupata mabaka ya manjano, anajua ni batobato. Akichimba akute mizizi imeoza kwa ndani, hiyo ni michirizi ya kahawia. Yote mawili ni magonjwa ya virusi, yote husambazwa na nzi weupe, na yote huingia shambani kupitia vijiti vya kupanda vilivyokatwa kwenye mmea mgonjwa. Kwake hayo ni magonjwa ndugu. Kwa mtaalamu wa virusi, hayana hata ujomba.

Kirusi si seli. Hakina ribosomu, yaani mtambo wa kutengeneza protini, hivyo lazima kiteke mtambo wa seli kinayoiingia. Ni jeni tu, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa DNA au RNA, ndani ya ganda la protini, na baadhi huvaa utando wa mafuta juu yake. Mwaka 1971 Mmarekani David Baltimore alipendekeza virusi vipangwe kwa njia ambayo kila kimoja hufikia RNA ya ujumbe, ile inayosomwa na ribosomu. Leo mpango huo una makundi saba. Kirusi cha batobato kina DNA ya uzi mmoja, ambayo hugeuzwa kwanza kuwa nyuzi mbili ndani ya kiini cha seli. Cha michirizi kina RNA inayosomwa moja kwa moja kikishaingia. Na katika kundi hilo hilo la michirizi yumo o'nyong-nyong, homa ya viungo iliyozuka Uganda mwaka 1959 ikavuka mpaka kuingia Nyanza!

Afisa wa ugani ana haki ya kuguna. Kundi linaloweka muhogo na goti la binadamu pamoja litamsaidia nini barazani? Hata wataalamu hawaishii hapo: chini ya makundi hayo wanapanga familia na jenasi kwa kufuata ukoo wa jeni. Lakini yeye anataka kujua mdudu gani, na afanye nini.

Hoja yake ina nguvu zaidi tukirudi kwa homa. O'nyong-nyong na chikungunya ni wa jenasi moja, dalili zinafanana, na hata vipimo vya kingamwili huweza kuvichanganya. Ila o'nyong-nyong hubebwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria anayeuma usiku, ilhali chikungunya hubebwa na Aedes, anayeuma mchana na kuzaana kwenye mitungi na tairi zenye maji. Chandarua kinachofaa kwa mmoja hakimsumbui sana mwenzake. Hapa anayefuata ukoo peke yake atapotea.

Kwenye muhogo mambo yanageuka. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Magharibi mwa Kenya miaka ya 1990, wakulima walipewa aina zinazoistahimili. Michirizi ilipoenea kanda ya ziwa miaka ya 2000, nyingi kati ya aina hizo zilishindwa. Kinga dhidi ya kirusi kimoja haikuwa na sababu ya kuzuia kingine kisicho na nasaba nacho, na nzi mweupe asingemwambia mtu hilo. Isitoshe, nzi huyo hukaa na kirusi cha batobato siku kadhaa, lakini cha michirizi humtoka upesi, kwa hiyo kinachokisafirisha mbali hasa ni vijiti.

Mimi naegemea jeni, nikitaka jina la mdudu liandikwe pembeni kila mara. Ukishajua ukoo wa kirusi, unaweza kuongeza tabia za anayekibeba. Ukianza na mdudu, ukoo haujitokezi. Anayekagua vijiti kabla havijauzwa lazima apime mara mbili: DNA kwa batobato, na RNA, inayogeuzwa kwanza kuwa DNA ili ipimike, kwa michirizi. Akipima batobato peke yake, vijiti vyenye michirizi vitapita, maana majani yake mara nyingi huonekana karibu mazima.