Kuhusu lile tangazo la sumu ya panya

Haya, ni mimi. Ile sauti inayozunguka Mbagala Rangi Tatu kwenye spika ya muuza sumu ni yangu. Acheni kunitumia, ninayo. Hata shangazi yangu wa Tanga kanitumia, yeye ambaye siku zote hutuma picha za maua za Ijumaa tu.

Ila kuna rafiki yangu mmoja (anajijua) kaandika kwenye grupu kwamba nilikutwa uchi nikipigana na kompyuta. Uongo. Nilikuwa na bukta. Tutafika kwenye bukta.

Kwa wageni: kazi yangu ni kurekodi matangazo ya wamachinga, yale ya "mia tano mia tano, chagua mwenyewe". Studio ni chumba changu hapa Manzese. Godoro limesimamishwa mlangoni, blanketi limeziba dirisha, maiki inaning'inia kwenye henga. Kompyuta ni kale kadogo ka mezani, mtumba wa Ulaya, hadi leo kana kibandiko cha Kijerumani ambacho sijui kinakataza nini. Prosesa, yaani ubongo wake, ni Core 2 Duo, ya enzi za 2008. Kazi kanapiga. Shida ni feni. Kila nikirekodi, nyuma ya sauti yangu kuna mngurumo kama wa bodaboda inayopandisha mlima na abiria wawili. Muuza juisi alinirudishia tangazo lake, akasema wateja wanamuuliza jenereta anauza bei gani.

Na feni yenyewe haina ukorofi, msiionee. Joto la prosesa likipanda, inaongezewa mwendo. Boksi dogo, feni ndogo, kwa hiyo hewa haitoshi mpaka izunguke kwa kasi ya wazimu. Sasa weka na Februari ya Dar, dirisha limezibwa, pangaboi limezimwa maana nalo linaingia kwenye maiki. Nilipofungua boksi nikakuta vumbi limejaa katikati ya mapezi ya hitisinki (kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kuipoza), limeshikana, unalivua kipande kizima. Ile pesti inayokaa kati ya prosesa na hitisinki ilikuwa imekauka, ukiigusa inapukutika unga. Mwenye akili zake angepanda gari kwenda Kariakoo saa ileile. Mimi nilikuwa na mteja mlangoni.

Mzee wa sumu alikuwa nje, amekalia ndoo, spika mapajani. "Kaka, vipi huko?" "Bado kidogo, mzee!"

Kwanza nikachomoa waya wa feni. Kompyuta ikagoma kuwaka, ikaleta maandishi kwamba feni haionekani, bonyeza F1. Nikabonyeza. Ikawaka, kimya kabisa, nikaanza kusoma, na kabla sijafika kwenye kunguni ikajizima. Ndivyo zilivyotengenezwa, joto likizidi zinajizima zisije zikaungua. Nikarudisha waya. Ndipo nikauona ufagio wa chelewa umeegemea ukutani, na akili ikanijia. Laiti ingenipita.

Mpango ulikuwa hivi: nachomeka kijiti kimoja cha chelewa kwenye mapanga ya feni, nasema maneno yangu, nachomoa kijiti. Nusu dakika tu. Nani atakufa?

Sasa tulieni niwaeleze nilivyokuwa nimevaa, kwa sababu huku ndiko nilikochafuliwa jina. Shati nilivua, joto. Nguo nyingine zote zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Nilivaa bukta ya mdogo wangu wa darasa la sita. Ndiyo. Lakini ni bukta. Na juu yake, kwa kuihurumia hiyo bukta, nikafunga kikoi. Kompyuta ilikuwa juu ya stuli, boksi wazi, usawa wa kiuno changu. Hapo pa kiuno mpaweke akilini.

Nikabonyeza kurekodi. Nikachomeka kijiti. Feni ikasimama.

Jamani, kile kimya! Nilisikia mate yangu nikimeza. Nikaivuta ile sauti ya kifuani:

"Sumu ya panyaaa! Sumu ya mende! Kunguni, viroboto, chawa! Panya akila anakauka hapohapo, hanuki!"

Sijawahi kutoa sauti namna ile. Nikajipenda. Nikasogelea maiki nimalizie bei, mkono mmoja sikioni, na kiuno kikasogea na mwenye kiuno. Matamvua ya kikoi yakatua ndani ya boksi. Niliyaona yakitua. Nikajiambia, si kijiti kipo?

Kijiti kikasema tko.

Feni iliyobanwa huku prosesa inachemka, ukiiachia haianzi taratibu. Ikashika tamvua la kwanza. Ikashika la pili. Nikahisi kikoi kinakaza upande wa kushoto, kinanisogeza kwenye stuli mdogomdogo, na fundo la kiunoni linafikiria. Likafikiria. Nikaruka nyuma kwa nguvu zote.

Mimi nikaenda, kikoi kikabaki.

"Yalaaa! Kikoi! Kikoi jamani! Niachie!" Nani aniachie? Naiambia kompyuta.

Mlango ukasukumwa. Godoro likalala chini lenyewe, likamfungulia njia mama mwenye nyumba, mwiko mkononi, na nyuma yake mzee wa sumu amenyanyua shingo aone. Mimi katikati ya chumba, bukta ya darasa la sita, kijiti cha chelewa kilichovunjika mkononi. Na mimi nimelelewa vizuri, ndugu zangu.

"Shikamoo mama."

Aliniangalia kuanzia kichwani. Akashuka. Alipofika kwenye bukta akapumzika hapo.

"Marahaba."

Akaondoka. Mashine ilikuwa inakaribia kujizima, nikamkopia mzee faili kwenye flashi bila kusikiliza, nia yangu naye aondoke. Yote imo. Yalaa imo, kikoi kimo, shikamoo imo, marahaba ya mama imo, nzuri kuliko sauti yangu.

Kesho yake Kariakoo. Pesti mpya, tone dogo tu katikati ya prosesa, msipake kwa mwiko. Feni pana ya sentimita 12, nimeiunga kwenye waya mwekundu wa volti 5 badala ya wa njano wa volti 12, inazunguka kivivu na hewa inapita kwa sababu ya upana wake. (Aliyeniuliza inbox: ndiyo, kuna feni zinazogoma kuanza kwa volti 5, ijaribu kabla hujaifunga.) Ndani haikuenea, iko juu ya boksi, nimeibana kwa kamba za plastiki. Na nimeweka wavu.

Jana mzee wa sumu karudi. Nikamwambia nimrekodie tangazo safi, bure, anirudishie lile. Hataki. Anasema watu wakifika kwenye shikamoo wanasimama, wanacheka, wananunua. Anataka jingine, la kunguni peke yake. "Na yule mama awepo," akasema.

Mama mwenye nyumba kashasikia. Anataka elfu kumi.