Jani la Kangaga Jiweni: Lipewe Jina kwa Umbo au kwa Ukoo?

Ukipasua bamba la mwamba wa tope lililotoka juu ya tabaka la makaa ya mawe, huko Wales au kaskazini mwa Ufaransa, huenda ukakuta ndani yake kipande cha jani lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Vijijani vyake vimejipanga pande mbili za ubavu wa kati, mishipa yake inaonekana waziwazi, na mtu yeyote anayejua mimea ya leo atasema hilo ni jani la kangaga. Hakuna shina wala mzizi, na mara nyingi hakuna hata dalili ya spora, yaani chembe za uzazi za kangaga. Jani hilo sharti liwe na jina, na kwa karibu miaka 200 wataalamu wa visukuku vya mimea wamevutana kuhusu kile ambacho jina hilo linapaswa kueleza: umbo linaloonekana, au ukoo wa mmea uliolizaa.

Njia ya umbo ilijengewa msingi na Mfaransa Adolphe Brongniart katika maandishi yake ya mwaka 1822 na 1828. Alitazama umbo la kijijani, namna kitako chake kinavyoshikana na ubavu, na mpangilio wa mishipa. Kijijani kilichoshikana kwa upana wote wa kitako aliita Pecopteris. Kile ambacho kitako chake kimebanwa hadi kushika kwa nukta moja aliita Neuropteris. Faida ya njia hii haipaswi kudharauliwa. Haihitaji kingine ila jicho, kioo cha kukuzia na uvumilivu, na watu wawili walio kwenye migodi miwili tofauti wanaweza kufikia jina lilelile bila kuonana. Ndiyo maana wanajiolojia wa makaa ya mawe waliweza kuyatumia majani hayo kulinganisha matabaka ya bonde moja na ya bonde jingine.

Hata hivyo, majina hayo yana kiambishi kinachodai zaidi ya kile ambacho jicho limeona. Neno la Kigiriki «pteris» maana yake ni kangaga, na makangaga huzaliana kwa spora, si kwa mbegu. Mwaka 1903 Waingereza F. W. Oliver na D. H. Scott walionyesha kwamba mbegu iliyoitwa Lagenostoma ilikuwa ya mmea uleule uliokuwa na majani ya aina ya Sphenopteris, jina jingine la umbo lenye kiambishi hicho. Ushahidi wao ulikuwa vitezi vidogo vyenye vichwa vya mviringo, vilivyofunika kikombe cha mbegu na kuonekana pia kwenye shina na jani. Mwaka uliofuata Robert Kidston alieleza mbegu zilizoshikamana na jani la Neuropteris. Sehemu kubwa ya kile kilichosifiwa kuwa misitu ya makangaga ikageuka kuwa mimea ya mbegu yenye majani yanayofanana na ya kangaga.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Archaeopteris, yaani «kangaga la kale». Majani yake yalipewa jina hilo mwaka 1871, na ubao wa gogo lililofanana na la msonobari ukaitwa Callixylon mwaka 1911. Vitu hivyo viwili vikawekwa katika makundi yaliyo mbali kabisa. Mwaka 1960 Charles Beck alieleza kisukuku ambacho jani na ubao vilikuwa vimeungana. Ulikuwa mti mmoja, wenye ubao kama wa mimea ya mbegu lakini ukizaliana kwa spora, na kundi jipya zima likaundwa kwa ajili yake.

Anayetetea njia ya ukoo anaweza kusema hapo kwamba kesi imekwisha. Mimi sioni hivyo, kwa sababu njia ya ukoo nayo ina gharama ambayo hulipwa na yule mwenye jiwe mkononi. Mwaka 1990 wataalamu wa visukuku vya mimea Cleal, Shute na Zodrow waliigawa Neuropteris katika jenasi kadhaa, zikiwemo Macroneuropteris na Laveineopteris, na sehemu muhimu ya hoja yao ilitokana na utando wa nje wa jani na chembe zake zinazoonekana kwa hadubini. Mgawanyo huo una maana kibiolojia, na siupingi. Lakini katika mawe mengi utando huo umekwisha kuharibika, ikabaki alama tupu ya jani.

Pecopteris inaonyesha ugumu huo vizuri zaidi. Majani mengi ya jenasi hiyo yalitoka kwa makangaga ya kweli yaliyokua kama miti, ambayo mashina yake huitwa Psaronius. Lakini jani lililowahi kuitwa Pecopteris pluckenetii lilithibitika kuwa la mmea wa mbegu, na sasa huitwa Dicksonites. Mtu aliyeokota kijijani kisicho na spora wala mbegu akisema «Pecopteris» kwa maana ya umbo tu, amesema kweli. Akilazimishwa kutaja ukoo, atabahatisha, na ubahatishaji wake utaingia katika orodha za spishi kama ukweli.

Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinaruhusu sehemu mbalimbali za kisukuku ziwe na majina tofauti, hata kama zilitoka kwa mmea mmoja, na naona ruhusa hiyo ni ya haki. Hatari inaanza pale majina yanapohesabiwa kana kwamba kila moja ni mmea. Majani ya mviringo yaitwayo Cyclopteris, kwa mfano, yaliota sehemu ya chini ya jani kubwa lilelile ambalo vijijani vyake vya juu vinaitwa Neuropteris au Laveineopteris. Anayehesabu jenasi mbili hapo amehesabu jani moja mara mbili.

Tanzania nayo inahusika, kwa kuwa matabaka ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu yana majani ya Glossopteris. Brongniart alilipa jani hilo jina lenye maana ya «kangaga ulimi», na leo tunajua kwamba mmea wake ulizaa mbegu. Sipendekezi jina libadilishwe. Ninachotaka ni kwamba anayeandika kibandiko cha jiwe hilo, au anayelifundisha darasani, aongeze maneno machache kando ya jina: kwamba kilichoonekana ni jani pekee, au jani pamoja na mbegu, na kwamba hilo si kangaga.