Ukuta wa Kinyozi Pale Kirumba

Jumamosi iliyopita niliteremka kuelekea Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba jijini Mwanza, kama ninavyofanya kila ninapohitaji dagaa wa wiki, nikapita mbele ya kibanda cha kinyozi ambacho nimekijua tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nikakuta ukuta wake umepakwa rangi moja kuanzia msingi hadi kwenye bati. Vile vichwa vinne vilivyochorwa pale miaka mingi iliyopita, kimoja chenye denge, kimoja chenye kiduku, kimoja kipara, na kimoja cha mtoto aliyechanwa njia upande wa kushoto, vyote vilikuwa vimefunikwa. Mahali pake pamewekwa nembo ya kampuni moja ya simu na maelekezo ya kutuma pesa. Kibanda kinachofuata ni cha mama ntilie, nacho kimepakwa rangi hiyohiyo, na duka la vocha baada yake vilevile, hata safu nzima ikaonekana kama ukuta mmoja mrefu usiosema ni nani anafanya kazi nyuma yake. Nilisimama hapo hadi kinyozi mwenyewe akatoka kuniuliza, "Kaka, kuna tatizo?"

Tatizo lipo, na sikuweza kumweleza pale barabarani, kwa hiyo naliandika hapa.

Sisi wa Mwanza tukipokea mgeni tuna mzunguko wetu uliozoeleka. Tunamwonyesha Jiwe la Bismarck, tunampandisha boti hadi kisiwa cha Saanane, tunamlisha sato huku akilitazama ziwa kutoka Capri Point, na akiwa na siku ya ziada tunampeleka Bujora, pale Kisesa, akaone makumbusho ya Wasukuma. Sina neno dhidi ya safari hizo. Bujora hasa ni mahali ambapo kila mtoto wa Kanda ya Ziwa anastahili kufika, akaone ngoma za watemi na lile jengo lenye umbo la kiti cha enzi, akajue pia kwamba Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeianza kazi ile miaka ya 1950, alikusanya na kutunza vitu ambavyo vingeweza kupotea kabisa. Lakini mgeni huyo huondoka akiamini kwamba sanaa ya Mwanza imehifadhiwa nje ya jiji, na kwamba jijini kwenyewe kuna mawe, samaki na biashara. Nimewasikia hata wenyeji wakisema hivyo, na kila mara naumia.

Mtu akitaka kuijua Kirumba, na atembee kwa miguu asubuhi, akianzia uwanja wa mpira na kushuka taratibu hadi majini, huku akisoma. Nasema akisoma kwa sababu mtaa huu umeandikwa. Fundi baiskeli ameandikiwa jina lake juu ya mlango kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Saluni ya kike ina mwanamke aliyesukwa, amegeuzia barabara kisogo ili mistari ya nywele ionekane yote. Mama ntilie ana sahani ya ugali, samaki mzima na mchicha, na yule samaki amechorwa na mtu anayemjua samaki, kwa maana mapezi yake yapo mahali pake na hakuna atakayemdhania sangara badala ya sato. Ukifika Mwaloni unakutana na mitumbwi, kila mmoja una jina na maneno yake ubavuni: Mola Nilinde, Riziki Mafungu Saba, Usisafirie Nyota ya Mwenzio. Ni maneno ya kanga yaliyohamia kwenye mbao. Mvuvi huyachagua kwa uzito uleule ambao mama yangu huutumia kuchagua kanga ya kumpelekea wifi yake.

Sehemu kubwa ya kazi hizo zimetoka kwenye mikono ya watu wachache, na aliyevichora vile vichwa vya kinyozi ni mmoja wao. Nilimtafuta siku hiyohiyo. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akisafisha brashi kwa mafuta ya taa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeona?"

Hakuhitaji kueleza ameuliza nini. Aliniambia kwamba vijana wa kampuni walikuja na ngazi na ndoo za rangi, wakamaliza safu nzima kabla ya saa sita mchana, ilhali vichwa vile vinne pekee vilimchukua siku tatu. Hakulalamika zaidi ya hapo. Alinionyesha tu uzi wake wa chaki, ambao huuvuta kutoka ncha moja ya ukuta hadi nyingine, akauachia mara moja ili upige mstari ulionyooka, kisha juu ya mstari huo ndipo herufi husimama. Baada ya uzi huchora kwa chaki, na baada ya chaki ndipo brashi inapoingia. Kivuli cha kila herufi hukiweka upande wa kulia na chini, ukuta mzima, kana kwamba jua limewekwa mahali pamoja na halitaondoka. Ukuta wa bati huuchora asubuhi au jioni tu, kwa sababu bati likishapata moto rangi hukauka kabla brashi haijamaliza safari yake. Mitumbwi ina majira yake pia. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, zamani karabai na siku hizi za sola, na mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga, hivyo mitumbwi huvutwa ufukweni ikazibwe na kupakwa rangi. Kwa mzee huyu, mwezi mpevu ni msimu wa kazi. Je, ni fani gani nyingine katika jiji hili inayofuata mwezi kwa uaminifu kama huo, na bado tukaiita kazi ya kubangaiza?

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri, kwa sababu najua jibu linalokuja: kwamba ile ni rangi ya mafuta tu juu ya bati, na kwamba sanaa ni jambo lingine. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi hiyohiyo ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka isiyozidi minne au mitano ya kuchora, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, tunautundika kwenye hoteli na kuwapelekea wageni kama zawadi ya taifa. Kopo lake la rangi halikuwa na tofauti na kopo la mzee wa Kirumba. Tofauti ni kwamba picha za Tingatinga zilibebeka. Mgeni aliweza kununua na kuondoka nayo. Ukuta wa kinyozi haubebeki, unamhudumia yule tu anayepita, na mpita njia huyo ni mchuuzi, mwanafunzi, mbeba mizigo wa Mwaloni. Naamini kabisa kwamba hiyo ndiyo sababu hauhesabiwi. Tumejifunza kuithamini picha pale mtu wa mbali anapoilipia, na tunashindwa kuithamini ile ambayo jirani yetu ameilipia kwa fedha yake ya kunyoa vichwa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mwenye kibanda hana kosa. Rangi ya kampuni ni ya bure, bati lake lilikuwa limeanza kutu, na hakuna aliyemshika mkono akubali. Nakubali pia kwamba bango la kuchapisha kwenye turubai hutoka siku hiyohiyo, tena likiwa na picha ya mwenye duka mwenyewe akitabasamu. Siwezi kumwambia mama ntilie mwenye watoto wanne shuleni akatae kupakiwa kibanda chake bila malipo ili mimi nipate kitu cha kutazama Jumamosi. Ninachosema ni kwamba kampuni inayohitaji ukuta wetu inaweza kumlipa mchoraji wetu aandike tangazo lake kwa mkono, ikaacha upande mmoja wa kibanda kwa mwenyewe, na isipungukiwe na chochote. Na uongozi wa mtaa, ambao hukaa na kujadili taka na ulinzi, unaweza kulijadili na hili.

Chakula nacho kimo katika habari hiyohiyo. Viwanda vya minofu vilipoenea hapa miaka ya 1990, nyama ya sangara ilianza kupanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na vichwa na mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Kina mama wa mwambao hawakukaa kulia. Walikaanga mapanki, wakachemsha vichwa wakapata supu ambayo leo watu wenye magari mazuri huifuata asubuhi, wakaendelea kuwapika furu na dagaa kwa namna ambazo hakuna hoteli iliyowahi kuwafundisha. Ukikaa kwenye benchi pale karibu na Mwaloni saa nne asubuhi, ukala ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa nyanya na pilipili, ukamaliza kwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka kwa mama aliyeyaleta kwenye beseni, umekula historia ya ziwa hili katika muda wa nusu saa. Na umejuaje kwamba supu ipo? Umeona kichwa cha sangara kimechorwa ukutani, mdomo wazi, mvuke ukipanda. Mgeni asiyejua kusoma vizuri, na hapo wapo wengi kutoka visiwani na hata wafanyabiashara wa Kongo wanaokuja kuchukua dagaa, huongozwa na picha hiyo. Nayo pia wameifunika kwa rangi ya kampuni.

Kuhusu shughuli za mtaa nitasema machache. Pamba Jiji, timu yetu ya mpira, iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25, baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20, siku za mechi Kirumba ilijaa hadi ukashindwa kupita na baiskeli, na baadhi ya vitambaa vya mashabiki viliandikwa na mkono ninaoujua. Wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma ya mwezi Juni, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja wakitazamana, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi kumzunguka. Watazamaji huamua kwa miguu yao. Nimekuwa nikiwaza kwamba kuta zetu zilishindanishwa kwa kanuni hiyo. Mchoraji aliyesimamisha wapita njia alipata kazi ya kibanda kinachofuata, na aliyeshindwa kuwasimamisha alirudi kuvuta nyavu.

Lakini kuna kazi moja ya mzee huyu ambayo hakuna mpita njia anayesimama kuitazama kwa starehe, na ndiyo iliyonifanya nimheshimu kuliko zote. Mtaani kukiwa na msiba, turubai likishafungwa na daftari la rambirambi likishafunguliwa, mtu hutumwa kwake na msalaba wa mbao. Huupaka nyeupe, husubiri ukauke, hupiga uzi wake wa chaki, kisha huandika jina, siku ya kuzaliwa na siku ya kufariki kwa rangi nyeusi, bila kivuli. Nilimuuliza siku ile kwa nini herufi za msalaba hazina kivuli. Aliniambia, "Kivuli ni cha mtu anayeita wateja. Huyu haiti mtu." Miaka sita iliyopita tulimzika kaka yangu, na nakumbuka kwamba jina lake la ukoo, ambalo shuleni na hospitalini lilikosewa kila mara, kwenye msalaba liliandikwa sawasawa, kwa sababu aliyeliandika alikuwa amemjua mwenye jina. Nembo za kampuni ya simu zinajua namba zetu zote, lakini majina yetu ya ukoo hazijawahi kuyaandika popote.

Jiji hili lina eneo zima linaloitwa Makoroboi, kwa sababu hapo mafundi waligeuza mabati na makopo yaliyotupwa kuwa taa za koroboi. Wazee wetu waliona sawa kulitaja eneo kwa jina la kazi ya mikono, wala hawakusubiri mgeni aje kuwaambia kwamba ina thamani. Sioni sababu ya sisi kuwa wazito kuliko wao.

Jana jioni nilirudi kwa kinyozi. Alikuwa amenunua kipande cha hadibodi, akakiegemeza kwenye mlango, kwa sababu ukuta si wake tena lakini mlango bado ni wake, na hadibodi ataiingiza ndani kila usiku anapofunga. Mzee alikuwa amekwisha kupiga mistari minne ya chaki. Aliniomba nishike ncha ya uzi apige wa tano, nikashika, akaniambia nisogeze mkono chini kidogo, nikasogeza. Nilipoondoka kuwahi dagaa kabla Mwaloni hawajafunga, kichwa cha denge kilikuwa kimekamilika hadi kwenye sikio.