Miche ya Desemba, kiangazi cha Julai: miradi ya wanafunzi Bukavu ni ya nani?

Desemba 5 ni siku ya kitaifa ya mti katika nchi yetu ya Kongo (DRC), na kila inapofika shule nyingi za mji wetu wa Bukavu hutoa majembe. Wanafunzi wanapanda miche uwanjani na kando ya barabara, prefe (mkuu wa shule) anahutubia, picha zinapigwa. Lakini siku hiyo moja ni sehemu ndogo tu ya kazi ambazo wanafunzi wanafanya siku hizi katika sehemu za mji za Ibanda, Kadutu na Bagira. Kuna vikundi vinavyozibua mitaro, vinavyookota chupa ufukoni mwa Ziwa Kivu, vinavyolima mboga nyuma ya madarasa, vinavyofinyanga makala (makaa ya kupikia) kutokana na majani makavu na maganda. Mabishano nayo hayakosekani. Wapo wanaosema vijana hawa ndio watakaouokoa mji. Wapo wazazi wanaosema: mtoto nilimpeleka masomoni asome, sikumpeleka kuzoa uchafu wa watu.

Mimi ni mtetezi wa miradi hii, niseme wazi mapema. Hata hivyo malalamiko ya wazazi yana uzito kuliko waandaaji wengi wanavyokubali, na kuyapuuza ni sababu mojawapo inayofanya miradi mingi ife kabla ya mwaka kuisha.

Tuangalie kwanza mtaro. Mvua ikinyesha Kadutu, maji yanateremka na kila yanachokikuta: chupa za plastiki, sasheti (mifuko laini ya plastiki), majivu ya makala, nguo zilizochakaa. Mtaro ukiziba, maji yanatafuta njia kati ya nyumba, na udongo wa mlima uliokwisha kuvuliwa miti unaanza kuteleza. Yanayopita yanaingia mto Kahwa, kisha ziwani. Bukavu imekaa palepale Ziwa Kivu linapotoa maji yake kwenda mto Ruzizi, kwa hiyo chupa iliyotupwa mlimani haina safari ndefu. Inasukumwa hadi bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikiponyoka hapo inaelekea Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 na ambalo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Wafanyakazi wanaopoa takataka mbele ya bwawa, na zinapozidi, mashine zinasimamishwa au zinaharibika. Umeme unakatika, na mwanafunzi wa Kadutu anafungua daftari lake mbele ya tochi ya simu.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufuata njia hiyo kwa miguu yake, kutoka mlango wa kwao hadi ufukoni, kwa siku moja. Hapo naona nguvu ya kwanza ya kazi hizi. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na pia ana wajibu wa kuyatetea. Mwalimu wa elimu ya uraia anaweza kukiandika kifungu hicho ubaoni na watoto wakakinakili hadi mwisho bila kukigusa. Mtoto aliyesimama mahali mtaro unapomwaga na kuhesabu kinachopita, akaona ni chupa za aina gani, zimetoka soko gani, anakielewa kifungu hicho kwa namna ambayo ubao hauwezi kumpa. Tena anarudi nacho nyumbani. Mama akiagiza taka zitupwe mtaroni usiku, mtoto huyo ndiye wa kwanza kusita.

Sasa wazazi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, na madarasa yakafurika. Sekondari wanaendelea kulipa, na wengi wanalipa kwa shida kubwa. Saa mbili za mtaroni zikichukuliwa kutoka saa za hisabati, mzazi aliyeuza mandazi ili kupata pesa hizo ana haki ya kukasirika. Halafu kuna afya. Mtaro wa Bukavu una vioo, una sindano, una kinyesi, na kipindupindu ni ugonjwa ambao Kivu Kusini haujawahi kuondoka. Kumpa mtoto wa miaka kumi na mbili jembe bila glavu wala buti, akimaliza hakuna sabuni, ni jambo ambalo hakuna neno zuri la mazingira linaloweza kulihalalisha. Na tuangalie pia nani anafanya nini. Mara nyingi wasichana ndio wanaochota maji na kufagia, wavulana wanashika megafoni. Mradi unaoitwa wa jamii unaishia kurudia mgawanyo wa kazi uliopo jikoni.

Wazee wana kumbukumbu nyingine. Wanaposikia watoto wanaitwa kusafisha mji wanakumbuka salongo ya miaka ya Mobutu, kazi ya lazima iliyovikwa vazi la uzalendo. Woga wao si wa bure. Ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, umuganda (kazi ya pamoja ya jamii) wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi unawadai watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Najua jinsi kuitaja Rwanda kunavyouma Bukavu leo, lakini umri huo unanifikirisha: anayedaiwa kazi ya mji ni mtu mzima. Kwetu mzigo unawashukia walio chini ya miaka 18 kwa sababu tu wao ni rahisi kuwakusanya. Wamepangwa kwa madarasa, na kengele ikilia wanakuja.

Kwa hiyo natofautisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Kazi iliyoagizwa na ofisi ya prefe, hata ikiwa na fulana na bango, ni salongo. Mradi wa wanafunzi ni ule ambao wao wamechagua tatizo, wao wanashika daftari la pesa, na mmoja wao anaweza kusema hapana bila kukatwa pointi za mwenendo. Kipimo hicho kikitumika kwa haki, mingi ya miradi tunayoisifu itaanguka. Itakayobaki ni michache, nayo inastahili msaada wa kweli.

Pesa za nje zinaongeza utata. Shirika linaleta fedha pamoja na idadi ya miche ambayo lazima ipandwe, na ripoti inahesabu iliyopandwa. Nimeona matokeo yake kwa karibu. Miche ya kitaluni inakuja ndani ya visasheti vyeusi vya plastiki. Siku ya kupanda watoto wana haraka, wanachana kisasheti, wanatumbukiza mche shimoni, wanakimbilia mwingine. Jioni mlima una mashimo yaliyopangwa vizuri, na kando ya kila shimo kipande cheusi cha plastiki kinachosubiri mvua ikipeleke mtaroni. Hakuna aliyewaambia wakusanye visasheti hivyo, kwa sababu havimo kwenye ripoti. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi. Uamuzi huo mmoja unabadilisha kila kitu, maana unamfanya aliyepanda arudi kuangalia.

Na kurudi kuangalia ndiko kugumu kwetu, kwa sababu ambayo wafadhili wachache wanaifikiria: kalenda. Mvua zinaanza Septemba pamoja na mwaka wa shule. Desemba udongo umelowa, mche unashika. Kisha inakuja Juni na kiangazi chake, na mwanzoni mwa Julai shule zinafungwa. Miezi ambayo mche unahitaji maji kuliko wakati wowote ndiyo miezi ambayo hakuna mtoto shuleni, bomba limefungwa, mbuzi wa jirani wanaingia uwanjani bila kufukuzwa. Wakati huohuo viongozi wa kikundi, ambao aghalabu ni wa darasa la mwisho, wanafanya mtihani wa serikali na kuondoka. Wanaondoka na ujuzi, na namba za simu za watu waliosaidia, wakati mwingine hata na funguo za stoo. Septemba wanakuja wapya, wanaanza upya. Wakosoaji wanaona uwanja mtupu na kusema watoto hawana msimamo. Mimi naona kazi iliyopangwa bila kuangalia majira. Kikundi kikiwa na viongozi wawili, mmoja wa darasa la mwisho na mmoja wa madarasa ya chini, na mlinzi wa shule akapewa chochote kwa kumwagilia Julai na Agosti, nusu ya tatizo inaisha. Ni gharama ndogo kuliko fulana.

Hata uchaguzi wa mti unastahili mjadala, na wanafunzi wangeumudu. Mkaratusi unapendwa kwa sababu unakua haraka, unatoa nguzo, unatoa makala. Wanaoupinga wanasema unanyonya maji, na kwenye mteremko unaoteleza kuna vitu bora zaidi, kama majani ya vetiva na mianzi, yenye mizizi inayoshika udongo. Wana haki. Lakini anayetetea mkaratusi naye ana hoja: watu wa mji huu wanapika kwa makala, na sehemu ya makala hayo inatoka msitu wa Kahuzi-Biega, hifadhi tangu 1970, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1980, na tangu 1997 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Shule inayopanda kuni inaweza kuwa inaokoa mti mwingine mbali. Mimi ningeacha mkaratusi upandwe kwenye ardhi tambarare, mbali na chemchemi, na milima ya mjini ipewe vetiva. Lakini ningependa zaidi kuona darasa la biolojia likibishana juu ya jambo hili na kufikia jibu lake kabla ya lori la miche kufika.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya miradi hii ni kwamba inawapa watoto kazi ya wakubwa. Amri ya serikali ya mwishoni mwa 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sasheti za plastiki. Nenda soko lolote la Bukavu leo uone kama kuna mama anayekukabidhi nyanya bila sasheti. Wanafunzi wanaokota chupa Jumamosi, wanajaza magunia, halafu? Bila gari la kuyachukua, magunia yanakaa nyuma ya vyoo mpaka yachomwe au yapasuke na kurudi mtaroni. Watengenezaji wa vinywaji hawaulizwi kitu. Hoja hii naikubali yote, bila kupunguza. Ndiyo maana mradi ninaouona wa maana kuliko kuokota ni kuhesabu: chupa ngapi, za aina gani, mtaro upi, mwezi upi. Takwimu za mwaka mmoja zilizokusanywa na shule tatu kando ya Kahwa zingekuwa na uzito kuliko magunia mia, na vijana wangejifunza jinsi ya kudai jambo kwa ushahidi.

Hapo napo kuna hatari ambayo siwezi kuipita. Waasi wa M23 waliingia mjini Februari 2025, shule zikafungwa kwa muda, na hata zilipofunguliwa wazazi wengi waliendelea kuhesabu dakika mtoto akichelewa kurudi. Katika hali kama hii, kumpa kijana karatasi ya madai aipeleke ofisini kwa mwenye mamlaka, yeyote awe, ni kumweka mbele ya jambo asiloweza kulibeba. Wengine wanahitimisha kwamba basi miradi yote ingoje amani. Sikubaliani nao, kwa sababu mlima haungoji, na kwa sababu shule ni moja ya mahali pachache ambapo mtoto wa Bukavu bado anaweza kufanya jambo na wenzake na kuona tunda lake. Lakini mgawanyo wa kazi lazima uwe wazi. Wanafunzi wahesabu, wachambue, waandike. Barua ya kwenda kwa meya au kwa kiwanda isainiwe na komite ya wazazi na walimu, na majina ya watoto yasionekane popote.